Fundi anayenoa kwa baiskeli Section 58: mpe mikasi na panga, bledi za kunyolea mbwa zibaki ndani

Kwa majirani wa Section 58, Naka na Free Area hapa Nakuru mnaoniuliza kama huyu fundi wa kunoa anaaminika: mkasi wa kitambaa mpe bila wasiwasi, mkasi wa kupogolea mpe, panga mpe. Visu vya jikoni mpe kwa masharti. Bledi za mashine ya kunyolea mbwa usimpe kabisa, na ukimwuliza atakwambia vivyo hivyo yeye mwenyewe, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko bei yake.

Nilifundisha sayansi kimu hadi nikastaafu, na shughuli zangu tatu za nyumbani sasa zote ni za kukata. Nashona mablanketi ya viraka. Nina mbwa wa manyoya marefu, Bosco, ambaye binti yangu aliniachia alipopata kazi Qatar akisema ni kwa muda tu. Muda huo bado haujaisha. Na nimezungukwa na ua wa kayaba pande tatu, waridi mbele ya nyumba, pasheni nyuma. Kila kitu kinaota, kila kitu kinataka kukatwa, na vidole vyangu si vile vya zamani. Kifaa butu sikivumilii tena.

Fundi hupita Jumamosi asubuhi, mara nyingine katikati ya wiki. Utamsikia kabla hujamwona: "Visu! Mikasi! Panga!" Baiskeli yake ni Black Mamba ya kawaida iliyofungwa stendi nzito ya chuma, gurudumu la nyuma likabaki hewani. Mkanda unatoka kwenye gurudumu hilo hadi kwenye mhimili mdogo karibu na usukani, na kwenye mhimili kuna mawe mawili, moja la kukwaruza na moja laini. Anakaa kitini, anakanyaga, mawe yanazunguka mbele ya kifua chake. Stima ikipotea mtaa mzima, yeye anaendelea.

Kukanyaga kwa miguu kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitilii maanani. Mashine ya umeme ya kusagia chuma inazunguka kwa kasi kiasi kwamba ncha ya mkasi inapata moto kabla hujapepesa jicho. Chuma kikigeuka rangi ya bluu pale ukingoni, ule ugumu kiliopewa kiwandani umekwenda. Utakiona kikali leo, na wiki ijayo kinatafuna kitambaa upya. Huyu bwana anakwenda mwendo wa pole, na kando yake kuna mkebe wa Kimbo uliojaa maji, anachovya kila baada ya kupitisha mara mbili tatu. Bluu sijaiona kwenye kifaa changu chochote alichokigusa.

Mkasi ndio mtihani wenyewe, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Ukiufungua mkasi wa kushonea utaona kila taya ina nyuso mbili: wa nje wenye mteremko mfupi kwenye makali, na wa ndani unaoonekana bapa. Uweke kwenye mwanga. Ule wa ndani umebonyea kidogo sana katikati, na mbonyeo huo ndio unaofanya taya mbili zigusane mahali pamoja tu kwa wakati mmoja, mahali panapotembea kutoka kwenye skrubu hadi ncha kadiri unavyofunga. Anayesaga uso wa ndani kwenye jiwe ameua mkasi, hata ukitoka unang'aa. Nimeona mikasi ya shule ikiuawa hivyo kwa debe zima.

Kwa hivyo mara ya kwanza nilisimama karibu naye kama msimamizi wa mtihani. Aliufungua mkasi, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye makali kutoka juu hadi chini, ukucha ukanasa mahali fulani.

"Mwalimu, hapa pamekatwa pini."

Nyumba ina wajukuu. Nikanyamaza.

Akalaza uso wa nje kwenye jiwe kwa mteremko ule ule uliokuwapo, akavuta kwa mkono mmoja mfululizo kutoka kwenye kishikio hadi ncha. Hakusimama katikati, kwa maana ukisimama jiwe linachimba bonde. Alirudia hadi lile pengo la pini likaisha, akahamia jiwe laini, kisha akafunga na kufungua mkasi taratibu mara kadhaa ili kile kikunjo chembamba cha chuma kinachobaki ukingoni kikatike chenyewe. Uso wa ndani aliugusa kwa kijiwe cha mkononi chenye mafuta, kimelala bapa kabisa, basi. Mwisho akakaza skrubu kidogo, akaushika mkasi kwa kishikio kimoja huku umefunguka, akaachia kingine. Kikashuka nusu kikasimama. Kingeanguka hadi chini ungekuwa umelegea, kisingeshuka ungekuwa umekazwa mno. Wanafunzi wangu walikuwa wakifanya jaribio hilo hilo kila muhula, na sikutarajia kulikuta barabarani.

Jaribio la kukata analifanya kwa kitambaa chepesi kilicholowa maji. Hapo hakuna ujanja. Kitambaa kikavu kitakatika hata kwa mkasi wa wastani, lakini kilicholowa kinateleza katikati ya taya na kujikunja. Wangu ulikata hadi ncha kabisa.

Mnaoshona viraka mnajua kwa nini nang'ang'ania ncha. Blanketi la viraka ni hesabu kabla ya kuwa urembo. Mshono wangu ni robo inchi, yaani karibu milimita sita. Kipande kikitafunwa na mkasi butu kikatoka kimepungua milimita mbili, peke yake hakuna atakayekigundua. Sasa unganisha vipande kumi vya namna hiyo kwenye mstari mmoja: mstari umepungua sentimita mbili kuliko wa chini yake, na wewe uko kwenye cherehani unavuta kitambaa kwa mkono ukijipa moyo kwamba kona zitakutana. Hazikutani, na blanketi linaota kitambi katikati.

Vitambaa vyangu vinatoka kwa mafundi wa mjini. Mabaki ya vitenge wanayauza kwa mfuko, na ukizoeana na mmoja anakuwekea yale marefu. Nayaosha yote kabla ya kukata, kwa sababu kitenge kipya kina wanga, kinaweza kusinyaa, na nyekundu moja tu ambayo haijatoa rangi yake ya ziada inatosha kuharibu kazi ya miezi. Mgongo wa blanketi ni shuka kuukuu. Tabaka la katikati ni blanketi la kitanda lililochakaa, si ile pamba ya dukani, maana hapa tuko mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai hauna mzaha. Siku hizi naingiza pia jinzi za mitumba, na hapo ndipo makali yanapimwa kweli: mshono wa pembeni wa jinzi una tabaka nne. Mkasi ulionolewa na huyu fundi umekata blanketi nzima la kitanda cha tano kwa sita, jinzi ndani yake, na ncha bado iko. Hiyo ndiyo tathmini yangu kwa upande wa mikasi.

(Jamani, mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Karatasi nyingi zimetiwa chokaa au udongo mweupe ili ziwe laini na nyeupe, na unga huo unakula makali. Mikasi yangu ina utepe: mwekundu ni wa kitambaa, kijani ni wa bustani, mweupe ni wa Bosco. Mjukuu wa miaka minne anaujua utaratibu huo. Baba yake ndiye anayesumbua.)

Bustanini alinifurahisha kwa namna tofauti, kwa vile alivyojua kuacha. Mkasi wangu wa kupogolea ni ule wa taya zinazopishana: moja ina makali, nyingine ni ndoana ya kushikilia tawi tu. Wanoaji wengi hunoa zote mbili kwa bidii, kisha kunabaki mwanya, na tawi linakatika nusu huku ganda likichunika kwenda chini. Huyu alianza kwa kukwangua utomvu uliokauka, kwa maji ya sabuni na waya wa kusugulia sufuria. Akagusa taya moja, uso mmoja, na hakutumia jiwe la baiskeli bali tupa ndogo, kwa kuwa taya ile imepinda na jiwe haliwezi kufuata mpindo wake. Ndoana hakuigusa. Matone mawili ya mafuta kwenye skrubu, akanirudishia.

Tofauti unaiona kwenye waridi. Tunaishi kaunti moja na Naivasha, waridi za kwenda Ulaya kwa ndege zinatoka kule. Zangu ni za kutazamwa na wapita njia na kuibwa na watoto wa Sunday school. Lakini kanuni ni ile ile. Unakata kwa mshazari, kama nusu sentimita juu ya jicho, yaani kichipukizi, linalotazama nje, ili tawi jipya liende nje na katikati ya mmea papate hewa. Mkasi butu unaponda shina badala ya kulikata, na sehemu iliyopondwa inakauka ikiteremka hadi inalipita lile jicho. Tangu anoe, mikato yangu inafunga vizuri.

Kwenye pasheni makali peke yake hayatoshi. Kuna ule ugonjwa wa virusi unaofanya matunda yawe magumu kama mbao, na pamoja na kuenezwa na vidukari unaweza kuhama kutoka mmea hadi mmea kwa mkasi. Nafuta taya kwa spiriti kila ninapohamia mche mwingine. Hili halimhusu fundi, ila alipokuwa akikwangua ule utomvu aliniuliza kama nina mmea mgonjwa, kisha akayamwaga yale maji nje ya geti, si kwenye kitalu changu. Niliandika alama moja moyoni.

Panga ni habari fupi. Kayaba ina miiba inayotoboa kandambili na hata tairi la toroli, na mbao yake ni ngumu, kwa hivyo panga lililotiwa wembe litavunjika meno siku ya kwanza. Analiachia unene kidogo ukingoni na kazi inakwenda.

Sasa Bosco.

Bosco ni chotara wa Maltese na kitu kingine ambacho hakuna anayekubali kuhusika nacho. Manyoya yake hayapukutiki kwa msimu, yanarefuka tu, na yasipokatwa yanasokotana nyuma ya masikio na kwapani mpaka ngozi inavutika. (Wenye Spitz na German Shepherd, ninyi hamhusiki: mbwa wenu wana manyoya ya tabaka mbili, mpigeni brashi tu, msimnyoe.) Fundi amenoa mkasi wangu wa utepe mweupe, ule wenye ncha za mviringo, na unakata vizuri. Kwenye manyoya yaliyosokotana natanguliza kitana katikati ya ngozi na mkasi, ndipo nakata juu ya kitana. Ukivuta fundo la manyoya ngozi inainuka nalo, na mkasi mkali hautofautishi.

Adui wa mkasi huo ni vumbi letu. Udongo wa huku ni wa volkano, Menengai iko pale juu inatutazama, na kwenye vumbi lake kuna chembechembe za kioo cha volkano. Mbwa anayegaragara uani kutwa anakuwa msasa wenye miguu minne. Ninamwogesha na kumkausha kwanza, kisha ndiyo nakata. Anayekata kwanza akaogesha baadaye atamtajirisha fundi bure. Manyoya yenyewe nayatupa kwenye lundo la mbolea; yanachelewa kuoza, lakini yana naitrojeni na sukuma wiki hailalamiki.

Mashine ya kunyolea ni suala jingine kabisa. Bledi yake ni vibapa viwili vyenye meno vilivyolaliana: cha chini kimetulia, cha juu kinakwenda kushoto na kulia. Vinakata kwa sababu vimelaliana sawasawa, na vinanolewa kwenye sahani pana ya chuma inayozunguka, iliyopakwa unga wa kunolea. Jiwe la baiskeli ni jembamba na la mviringo, litachimba tu. Nilipomwonyesha fundi bledi yangu namba 10, ile inayoacha manyoya ya kama milimita moja na nusu, aliigeuza, akaiangalia kwenye jua, akanirudishia.

"Hii si ya jiwe langu, Mwalimu. Nitakuharibia."

Nilimheshimu zaidi hapo kuliko kwenye mkasi. Kabla yake kuna mahali mjini, sipataji, waliochukua bledi nyingine kama hiyo kwa kujiamini kabisa, wakanitoza mia tatu, ikarudi inang'aa kama sarafu. Ilipofika shingoni mwa Bosco ikanasa na kuvuta. Alikaa chini ya kitanda hadi saa ya chakula, na mpaka leo akisikia mlio wa mashine anaanza kutafuta mlango.

Mara nyingi bledi inayodhaniwa ni butu ni chafu tu na imekauka. Naisugua kwa mswaki mkuukuu, naitia tone la mafuta yale mepesi ya cherehani, nairudisha. Katikati ya kazi naigusa kwenye kifundo cha mkono wangu; ikiwa ya moto kwangu ni ya moto zaidi kwa tumbo la mbwa, tunapumzika sote wawili. Kwa utunzaji huo bledi inakaa, na ikifika mwisho wake unanunua nyingine.

Lawama zangu kwa fundi ni kwenye visu vya jikoni. Sijui ni kwa vile visu ni vingi na watu wana haraka, lakini anaanza na jiwe la kukwaruza hata kwa kisu kilichohitaji kuguswa tu. Kisu cha jirani yangu cha kukatia sukuma kimekuwa chembamba kama cha kutolea mfupa samaki. Mwambie mapema: "Jiwe laini peke yake." Atakubali, ila usipomwambia hatakuuliza. Kama kisu chako ni kizuri, nunua jiwe la kunolea, ujifunze mwenyewe jioni mbele ya taarifa ya habari.

La pili, hana miwani ya kukinga macho. Cheche zinamrukia usoni na watoto wa mtaa wanapenda kusimama karibu zaidi ya ninavyopenda mimi. Kwangu wanasimama nyuma ya geti na kutazama kupitia nafasi za vyuma, na yeye nimempa miwani ya maabara iliyobaki kutoka shuleni. Huivaa akiwa kwangu. Ng'ambo ya barabara nimemwona ameining'iniza shingoni.

La tatu, ratiba yake ni ya Mungu. Mvua ya Aprili ikianza hapiti, kwa sababu mkanda ukilowa unateleza kwenye gurudumu, na ndicho kipindi hicho hicho kayaba inakimbilia mawinguni. Peleka vifaa vyako Februari au mapema Machi. Mkasi wa meno, ule wa kukata pindo kwa zigizaga, hanoi, na mkasi wa kupunguza wingi wa manyoya, wenye taya ya meno kama kitana, hanoi. Hakuna haja ya kubishana naye.

Bei alizonitoza mara ya mwisho: kisu 50, panga 50, mkasi wa kitambaa 100, mkasi wa kupogolea 150 kwa sababu ya lile suala la tupa na usafi. Analipwa kwa M-Pesa au taslimu. Usimpunguzie bei ya mkasi wa kitambaa. Ukimlipa 60 atafanya kazi ya 60, na pale kwenye ncha ndipo atakapookolea muda wake. Mfungie mbwa nyuma ya nyumba kabla hajaanza, mwekee maji safi kwenye mkebe, na vifaa vyote vitoe kwa pamoja. Akishakunja stendi harudi, hata umwite kwa jina la mama yake.